Ua limeota lenyewe uani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutambua maua vamizi

Maswali haya yamewekwa kwa maneno ya waulizaji wenyewe. Wengi huja na picha moja ya ua zuri lililojitokeza karibu na ukuta, na swali ni lile lile: hili ni nini, na je, niling'oe? Kama mmea wako tayari unawasha ngozi au una utomvu usioujua, soma kwanza sehemu ya "Wakati unasubiri jibu", kisha urudi hapa.

## Kabla ya kutafuta jina

Gugu, ua mwitu na mmea vamizi: tofauti ni nini?

Gugu ni mmea wowote uliokaa pasipotakiwa. Hata muhindi ulioota katikati ya kitalu cha maua ni gugu kwa mwenye kitalu. Ua mwitu ni mmea wa maua unaojiotea bila kupandwa, na mengi kati ya hayo ni wenyeji wa mahali hapo yasiyomdhuru mtu.

Mmea huitwa vamizi yanapotimia mambo mawili kwa pamoja: uwe umeletwa na binadamu kutoka kwingine, kwa kukusudia au bila kujua, na ukishafika uenee wenyewe hadi kudhuru mimea ya asili, malisho, mashamba au afya za watu. Mimea mingi ya bustani ni ya kigeni, lakini hukaa ulipoipanda. Kwa hiyo kuuliza "ni ya kigeni?" hakutoshi. Uliza pia kama inatoka nje ya uwanja wako bila msaada wako.

Ua lenyewe ni zuri sana. Kweli linaweza kuwa vamizi?

Linaweza, na mara nyingi uzuri huo ndio uliolisafirisha. Lantana ilitoka Amerika ya kitropiki, ikapandwa katika bustani za Ulaya tangu karne ya 17, kisha ikasambazwa nchi za joto kama pambo na uzio. Leo imo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, ya spishi (aina) 100 vamizi zilizo mbaya zaidi duniani. Impatiens glandulifera, lenye maua ya waridi yaliyo kama kofia ndogo, lilipelekwa Uingereza kutoka Himalaya mwaka 1839 kwa ajili ya bustani. Sasa limejaa kwenye kingo za mito huko. Maganda yake yakikomaa hupasuka ukiyagusa na kurusha mbegu hadi mita 7, umbali unaotosha kuvuka uzio wa nyumba nyingi.

Nyuki na vipepeo wanalipenda. Si dalili njema hiyo?

Hapana. Nyuki hufuata chavua na nekta, hajali mmea umetoka wapi. Mimea vamizi mingi huchanua kwa wingi na kwa muda mrefu, kwa hiyo huvuta wadudu sana, na ndivyo inavyopata mbegu nyingi.

## Namna ya kuusoma mmea

Nianzie wapi kuangalia?

Anzia chini, panda juu, ua liwe la mwisho. Najua ni kinyume cha macho yanavyotaka. Lakini ua ndilo linalodanganya zaidi: maua ya manjano yenye petali nyembamba kuzunguka kitovu yapo kwenye mamia ya mimea isiyofanana kwa lolote lingine. Tena kile unachokiita ua moja kwenye alizeti na jamaa zake ni kichwa chenye vijiua vingi vilivyobanana, kwa hiyo hata kuhesabu "petali" kunaweza kukupoteza.

Shika shina na ulizungushe kati ya vidole. Ni la mviringo, au unasikia pembe nne? Lina mifereji inayokwenda kwa urefu? Lina vinyweleo, miiba, madoa? Likate: ni tupu ndani au limejaa, na utomvu ni maji, maziwa au wa manjano? (Vaa glavu hapa. Sababu iko kwenye swali la mikono kuwasha.) Kisha jani: ukingo wake, upande wa chini wenye mishipa, harufu ukilifikicha. Alliaria petiolata, mmea wa Ulaya ulioenea sana katika misitu ya Amerika Kaskazini, hujitaja wenyewe kwa harufu ya kitunguu saumu.

Halafu chimba kidogo. Mzizi mmoja mnene unaoshuka wima ni habari tofauti kabisa na nyuzi nyeupe zinazokimbia chini ya udongo kutoka mmea hadi mmea. Mwisho ndipo uangalie ua: rangi, idadi ya sehemu zake, linavyokaa kwenye shina, na tunda au mbegu zinazolifuata. Mbegu zina ushahidi kuliko petali. Kishona nguo, kwa mfano, utalijua kwa vile vijiti vyeusi vinavyong'ang'ania suruali hata ukiwa hujaliona ua lake.

"Majani yanayokabiliana" na "yanayopishana" maana yake nini?

Tazama kifundo, yaani mahali jani linapotokea kwenye shina. Majani mawili yakitoka kwenye kifundo kimoja, huku na huku, yanakabiliana. Likitoka moja, na linalofuata likatoka juu zaidi upande mwingine, yanapishana. Yakizunguka shina matatu au zaidi mahali pamoja, yako kwenye duara. Angalia katikati ya shina, kwa sababu mimea mingine hubadili mpangilio karibu na ncha. Dalili hii moja hufuta nusu ya majina yanayodhaniwa, na ndiyo ambayo watu husahau kuipiga picha.

Nipige picha zipi ili mtu aweze kunisaidia?

Zisipungue sita: mmea mzima ukiwa na kitu cha kupimia kando yake, jani upande wa juu, jani upande wa chini, kifundo cha shina, ua kutoka mbele na kutoka ubavuni, na tunda au mbegu kama zipo. Picha ya ubavuni ni muhimu kwa sababu vijani vidogo vilivyo chini ya kichwa cha ua hutenganisha mimea inayofanana kwa mbele. Piga kwenye kivuli chenye mwanga. Jua kali hufuta rangi nyeupe na ya manjano.

Kama kuna mtaalamu unayeweza kumpelekea mmea wenyewe, kausha tawi lenye ua na majani katikati ya magazeti chini ya vitabu vizito, ukibadilisha karatasi zikilowa. Andika tarehe, mahali, urefu wa mmea na rangi ya ua likiwa bichi, maana rangi hupotea.

Programu ya simu imenipa jina. Niliamini?

Lichukue kama fununu. Programu kama Pl@ntNet na iNaturalist ni nzuri, hasa ukizipa ua na jani katika picha tofauti, na mara nyingi hupatia jenasi (kundi la spishi za karibu) hata zinapokosea spishi. Hukosea zaidi kwa miche michanga, mimea iliyofyekwa ikachipua upya, na spishi za karibu. Jina likija, tafuta maelezo yake na ujiulize: ni dalili gani ya mmea huu ambayo picha yangu haikuionyesha? Rudi uani uikague hiyo. Ikikosekana, jina si hilo.

Kwenye iNaturalist watu halisi nao hutazama picha yako na kukubali au kupinga. Ukiweka picha ya nyumbani, chagua kuficha mahali halisi. Programu inaruhusu.

Kwa nini nisitumie tu jina ambalo kila mtu hapa analijua?

Litumie katika mazungumzo, lakini usilitumie kutafuta dawa au kumripotia mtu. Jina moja la mtaani hubebwa na mimea mitatu, na mmea mmoja huwa na majina kumi. Jina la kitaalamu lenye maneno mawili, kwa mfumo wa Carl Linnaeus wa mwaka 1753, ni moja kwa mmea mmoja popote duniani.

## Maua yanayoulizwa zaidi

Lina maua madogo meupe na majani kama ya karoti. Ndilo gugu karoti?

Huenda, na swali hili linastahili dakika kumi zako, kwa sababu gugu karoti (Parthenium hysterophorus) huwaletea watu muwasho mkali wa ngozi, mafua ya mzio na pumu, na maziwa ya mifugo inayolila huwa na ladha mbaya. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na limeenea Asia, Afrika na Australia.

Likiwa changa, majani yamelala chini yakizunguka kitovu kama sahani, yamechanika sana, rangi ya kijani iliyofifia. Kisha shina huinuka, lina mifereji kwa urefu na vinyweleo vifupi, na juu hugawanyika matawi mengi. Majani yanapishana. Vichwa vya maua vina upana wa milimita 4 hivi, vya rangi ya maziwa. Mara ya kwanza nilipopiga magoti na kukitazama kichwa kimoja kwa lenzi, niliona kile ambacho picha zilikuwa hazinionyeshi: si mviringo, kina pembe tano, na kwenye kila pembe kijiulimi cheupe kisichozidi unene wa ukucha. Tangu siku hiyo sijahitaji dalili nyingine.

Linachanganywa na karoti yenyewe, ambayo jani lake ukilifikicha linanukia karoti na maua yake hukaa kama mwavuli. Na chamomile, yenye petali ndefu nyeupe kuzunguka kitovu cha manjano kilichovimba. Na kishona nguo, ambalo majani yake yanakabiliana. Kabla halijachanua hufanana pia na ambrosia, nayo ni adui wa wenye mzio.

Usilicheleweshe. Linaweza kuanza kuchanua wiki nne hadi sita tu baada ya kuota, na mmea mmoja mkubwa hutoa mbegu zaidi ya 15,000.

Ua moja lina rangi mbili au tatu. Inawezekanaje?

Karibu hakika ni lantana. Kichwa kimoja kina vijiua vingi, na kila kijiua hubadilika rangi kadiri kinavyozeeka: cha katikati kilichofunguka leo ni cha manjano, cha pembeni kimeshakuwa cha chungwa, cha waridi au chekundu. Thibitisha kwa mkono: shina lina pembe nne, mara nyingi na vijiiba vilivyopinda kurudi nyuma, majani yanakabiliana, ni makavu kama msasa, na ukiyafikicha harufu ni kali. Matunda ni vishada vya punje za kijani zinazogeuka nyeusi zenye kung'aa. Ndege huzila na kuangusha mbegu, kwa hiyo huota chini ya miti na nyaya ambako hujawahi kupanda kitu. Mifugo ikila majani hudhurika ini, na matunda mabichi ni hatari kwa watoto.

Ni ya manjano kama alizeti ndogo. Ni alizeti mwitu?

Angalia jani. Alizeti ya shambani ina jani pana lenye umbo la moyo. Alizeti mwitu, Tithonia diversifolia ya Mexico na Amerika ya Kati, ina majani yaliyogawanyika sehemu tatu hadi tano kama vidole, kichaka chake hupita mita 2, na kikonyo cha ua huvimba chini ya kichwa na ni kitupu ndani. Likiwa linatambaa chini, majani yanang'aa na kila kifundo kimeshika mizizi, hilo ni wedelia (Sphagneticola trilobata), nalo limo kwenye orodha ya IUCN niliyoitaja juu.

Ni ya manjano, lakini majani yana miiba.

Kata jani. Utomvu wa manjano ukitoka, ni mbaruti (Argemone mexicana), jamaa wa mipopi. Mbegu zake ni ndogo, nyeusi, na zina sumu: zikichanganyika na mbegu za kukamulia mafuta ya kula, watu huvimba miguu na moyo kushindwa kazi.

Kengele za zambarau zinazorudi kila mwaka hata niking'oa.

Kama kengele zote zimeegemea upande mmoja wa shina na majani ya chini yana umbo la moyo, ni Campanula rapunculoides, mmea wa Ulaya unaosumbua bustani za nchi za baridi. Unachong'oa ni nyuzi za juu. Chini zaidi kuna mizizi minene myeupe kama karoti nyembamba, na hiyo ikibaki mmea unarudi. Hufananishwa sana na Adenophora, mmea mwingine wa kengele, lakini ile kwa kawaida ina kijiti cha katikati kinachochungulia nje ya kengele.

Ni mrefu kuliko mimi, una maua meupe kama mwavuli mkubwa.

Usiuguse. Kama shina lina madoa ya zambarau na vinyweleo vigumu, na majani yanafika upana wa mita moja, linaweza kuwa Heracleum mantegazzianum kutoka Kaukasi. Utomvu wake ukigusa ngozi kisha jua likapiga, ngozi huungua na kutoa malengelenge. Piga picha kwa mbali, halafu soma swali la mikono kuwasha hapo chini.

## Wakati unasubiri jibu

Niling'oe sasa au nisubiri?

Kata maua na matunda leo (isipokuwa ule wa mwavuli mkubwa, usiuguse), mmea uache hadi ujulikane. Hivyo hupotezi kitu: kama ni mwenyeji mwema atachanua tena, na kama ni vamizi hajaangusha mbegu. Kung'oa bila kujua kuna hasara mbili. Ya kwanza, unaweza kuua mmea wa asili uliokuwa unarudi wenyewe. Ya pili, mimea yenye mashina ya chini huongezeka ukiivuta vipande vipande, kama ile ya kengele hapo juu.

Usipitishe mashine ya kukatia nyasi juu yake. Inatawanya mbegu na vipande, na hubeba vilivyonasa hadi sehemu nyingine ya uwanja.

Nimeugusa na mikono inawasha. Nifanye nini?

Osha kwa sabuni na maji baridi mara moja, usijisugue macho, na vua nguo zilizogusa mmea. Kama ni mmea wa mwavuli ulioelezwa juu, au unashuku hivyo, funika sehemu iliyoguswa isipigwe na jua kwa saa 48. Malengelenge, uvimbe wa uso, au utomvu kuingia jichoni: nenda hospitali, na uchukue picha ya mmea.

Kwa gugu karoti, watu wengine hawadhuriki mara ya kwanza wala ya pili. Mwili hujenga mzio polepole kwa kuguswa mara nyingi. Kusema "mimi halinifanyi kitu" si kinga, kwa hiyo vaa glavu na mikono mirefu kila mara.

Mtoto au mbuzi amekula sehemu yake.

Usisubiri jina. Mtoto apelekwe kwa daktari na mbuzi aonwe na daktari wa mifugo, na tawi lenye majani, ua na tunda libebwe kwenye mfuko uliofungwa. Usimlazimishe mtoto kutapika. Tahadhari zaidi na mnanaha, lile lenye maua marefu kama tarumbeta na tunda la mviringo lenye miiba: sehemu zake zote ni sumu, mbegu zaidi.

Nitupe wapi nilichokata?

Maua na mbegu zifunge kwenye mfuko mzito usiopitisha hewa na uziache juani hadi zioze kabisa kabla ya kutupa. Usiziweke kwenye mboji, maana mbegu nyingi hazifi kwa joto la lundo la nyumbani, na usirushe nyuma ya ukuta. Mmea usioujua usiuchome moto. Moshi wa baadhi ya mimea yenye sumu hudhuru mapafu.

## Hali zenye utata

Mmoja anasema ni vamizi, mwingine anasema ni wa asili. Nani mkweli?

Inawezekana wote. Lythrum salicaria, lenye mikia mirefu ya maua ya zambarau, ni mwenyeji anayethaminiwa kando ya maji huko Ulaya. Amerika Kaskazini ni vamizi anayesonga mabwawa. Uvamizi ni uhusiano kati ya mmea na mahali, kwa hiyo kila unaposoma kuwa mmea fulani ni vamizi, tafuta ni wapi. Kisha linganisha na orodha ya magugu yaliyopigwa marufuku ya nchi yako. Ofisi za kilimo huwa nazo, na katika nchi kadhaa mwenye kiwanja ana wajibu wa kisheria kudhibiti yaliyomo kwenye orodha.

Niliununua kwenye kitalu cha miche. Wangeuza mmea vamizi?

Hutokea. Lantana na wedelia bado huuzwa sehemu nyingi. Wakati mwingine muuzaji ana aina iliyozalishwa isiyotoa mbegu, na hilo utalithibitisha mwenyewe kwa kungoja baada ya kuchanua: vishada vya matunda vikijaa, si tasa. Pakiti za mbegu mchanganyiko za "maua ya mwituni" nazo zisome. Zisizotaja kila spishi kwa jina, mimi sizipandi.

Halijachanua, ni majani tu. Nitajuaje?

Piga picha zile zile bila ua, na chunguza kama kuna masalia ya msimu uliopita: shina kavu, ganda la mbegu, tunda lililobaki. Chimba mche mmoja uone mzizi. Kama bado haujulikani, uhamishie kwenye chungu ukae humo hadi uchanue, na vichwa vikianza kufunguka ukate baada ya kupiga picha. Hapo utakuwa na jibu bila kuwa na mbegu ardhini.

Nililiondoa lote mwaka jana, limerudi. Nilikosea jina?

Si lazima. Mbegu za gugu karoti zilizozikwa hubaki hai miaka kadhaa na huota udongo unapopinduliwa. Tazama miche mipya: ikitoka mmoja mmoja kutoka kwenye mbegu, jina lilikuwa sahihi na kazi ni kuing'oa ikiwa midogo, msimu baada ya msimu. Ikitoka kwenye mstari, imeunganishwa chini kwa chini, unashughulika na mzizi uliobaki, na huenda ni mmea mwingine kabisa. Fukua mmoja taratibu, fuata uzi wake uone unaelekea wapi.

Limevuka kutoka kwa jirani. Nimwambieje?

Mpelekee tawi mkononi badala ya lawama, baada ya kuwa na uhakika wa jina. Wengi hawajui walichonacho, na wengine walipewa na mtu waliyempenda. Mwonyeshe dalili mbili zinazoonekana kwa macho, kisha mwombe akate maua kabla ya mbegu, hata kama mmea wenyewe hataki kuuondoa mwaka huu.

Nimepata mmoja tu. Kuna haja ya kuripoti?

Ndiyo, hasa kama hujawahi kuuona eneo lako na jina limethibitishwa. Mmea mmoja ni kazi ya dakika tano; bonde lililojaa linaweza kukosa tiba. Ripoti iwe na zile picha sita, tarehe, na mahali pa kutosha mtu kufika. Na usiishie hapo: zunguka nyumba, kagua mfereji wa maji, chini ya nyaya na mahali udongo au kokoto zilipomwagwa karibuni, kwa sababu aliyeleta wa kwanza kwa kawaida alibeba zaidi ya mbegu moja.